Mzigo Uko Mbezi, Gari Huna: Nani Aubebe Umbali?



Leo nina swali ambalo huenda utaliona dogo mno kuitwa swali la kimaadili. Umetumiwa mzigo kwa basi. Basi limefika, simu imepigwa, hukupatikana. Mzigo umewekwa ofisini kwenye stendi iliyo nje ya mji, na wewe gari huna. Je, ni haki kumwomba mtu mwingine akakuchukulie? Kama ni haki, ni mtu gani, na kwa masharti yapi?

Nilipokuwa nasoma falsafa tulizoea mifano mizito. Kuna ule maarufu wa Kant: muuaji anabisha hodi, anauliza rafiki yako kajificha wapi, je, unaruhusiwa kumdanganya? Ni mfano mzuri wa kunoa akili. Lakini tuseme ukweli, wengi wetu hatutabishiwa hodi na muuaji. Tutapigiwa simu na kondakta. Na namna tunavyowatendea watu siku hiyo ya kondakta ndiyo inayoonyesha tumeielewa Injili kiasi gani.

Wanaoishi Dar es Salaam wanajua ninachosema. Zamani mabasi ya mikoani yaliishia Ubungo. Tangu mwaka 2021 yanaishia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kama kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Miji mingine nayo imefanya hivyo hivyo. Dodoma stendi iko Nane Nane, Mwanza ziko Nyegezi na Nyamhongolo. Sababu zinaeleweka: mabasi makubwa yanahitaji nafasi, na barabara za katikati ya mji tayari zimejaa foleni. Mimi silalamiki. Ila angalia kilichotokea. Zile kilomita ambazo dereva wa basi hazipiti tena hazikufutika. Zimehamia kwa abiria na kwa mpokea mzigo.

Hilo ndilo wazo langu la leo, nalisema mapema ili tusipotezane: umbali haufutiki, unahamishwa tu. Kila ukimwambia mtu "naomba unipitie mzigo wangu", zile kilomita zinatoka mabegani mwako zinakwenda mabegani mwake. Kwa hiyo swali la kimaadili ni hili: zinaenda kwa nani, je, amekubali kweli, na je, anaweza kuzibeba?

Nieleze kidogo yaliyonikuta. Mama yangu alinitumia mzigo kutoka Songea: maharage, unga wa ulezi, na kanzu ambayo mama mmoja wa jumuiya yao alinishonea. Ni safari ya zaidi ya kilomita 900. Basi linaondoka alfajiri, linapita Njombe, Iringa, Morogoro, linaingia Dar usiku. Mimi nipo Kigamboni. Kondakta alipopiga, saa mbili na ushee usiku, tulikuwa kanisani kwenye kuabudu Ekaristi Takatifu na simu zote zilikuwa zimezimwa, kama inavyotakiwa. Baadaye nikakuta ujumbe: mzigo upo ofisini, njoo na kitambulisho.

Kutoka Kigamboni hadi Mbezi bila gari ni hivi. Unapanda pantoni mpaka Feri, unapanda mwendokasi Kivukoni mpaka Kimara, halafu unatafuta daladala ya kwenda Mbezi. Kisha unageuza njia hiyo hiyo ukiwa na kiroba cha maharage. Nusu siku imeondoka, na mgongo unajua. Hapo kichwani zikaja njia tatu, na nadhani ndizo zinazomjia kila mtu. Tuzipime moja moja.

Njia ya kwanza: kumwomba mwenye gari

Kuna sentensi tunayoisema sana: "Si ana gari?" Kana kwamba gari linakunywa maji! Mwenye gari naye anakaa kwenye foleni ya Kimara, ananunua mafuta, ana watoto wanaomsubiri nyumbani. Tukimwangalia tunaona magurudumu manne, mtu aliyeshika usukani hatumwoni.

Aristotle, katika kitabu chake cha maadili kwa Nikomako, anasema urafiki uko wa aina tatu: wa faida, wa furaha, na wa wema. Katika urafiki wa faida simpendi mtu mwenyewe, napenda ninachokipata kwake. Faida ikikauka na urafiki unakauka. Basi jipime. Yule mtu mwenye gari parokiani kwenu, mara ya mwisho ulimpigia simu lini bila kuwa na shida? Kama kila simu yako kwake ina neno "naomba" ndani yake, huyo hujamfanya rafiki. Umemfanya daladala isiyo na nauli.

Hapa inasaidia kutofautisha mambo mawili. Ni tofauti kumwomba mtu akuchukulie kitu anapopita, na kumwomba aende safari ambayo asingekwenda. Parokiani kwetu kuna mzee mmoja ambaye kazi yake humpeleka Kibaha mara kwa mara, na ukienda Kibaha kwa Barabara ya Morogoro unapita Mbezi. Yeye kusimama dakika 10 ni jambo moja. Jirani yake, mwenye gari pia, ambaye shughuli zake zote ziko Kigamboni, kuvuka maji na kukata jiji zima kwa ajili ya maharage yangu ni jambo jingine kabisa. Wote wana magari, lakini ombi langu kwao si lile lile.

Njia ya pili: kumtuma mdogo

Hii ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu kwetu ni jambo la kawaida mno. "Wewe kijana, kesho asubuhi nenda Mbezi ukanichukulie mzigo." Nauli? Anapewa ya kwenda, ya kurudi atajua mwenyewe. Chakula hakitajwi. Kama alikuwa na kibarua siku hiyo, hakuna aliyeuliza. Na kwa malezi yetu kijana hawezi kumwambia mkubwa "hapana". Atasema "sawa, shikamoo", ataondoka. Binti wa kazi anaweza kutumwa hata giza limeshaingia, stendi yenye watu wa kila aina, na mtumaji akaendelea kuangalia taarifa ya habari.

Sisemi kutuma watoto ni vibaya. Kutumwa kumetulea. Tumejifunza njia, tumejifunza kuhesabu chenji, tumejifunza kuwa sehemu ya nyumba. Lakini kuna mstari, na Injili inauonyesha mahali ambapo huenda hujawahi kuuona.

Katika Mathayo sura ya 5, Yesu anazungumzia mtu anayekulazimisha kwenda naye maili moja. Kitenzi cha Kigiriki kilichotumika pale ni angareuo. Asili yake iko katika utaratibu wa matarishi wa wafalme wa Uajemi, ambao Herodoto aliueleza: mtu anapokea ujumbe, anakimbiza farasi, anamkabidhi mwenzake aliye mbele. Yaani neno hilo limetoka posta! Baadaye likawa na maana ya kumkamata raia yeyote njiani na kumlazimisha kubeba mzigo wa serikali au wa askari. Na kitenzi hicho hicho kinarudi katika Mathayo sura ya 27, pale Simoni wa Kirene anaposhurutishwa kubeba Msalaba. Luka anaongeza kwamba alikuwa anatoka shamba. Mtu ametoka kwenye shughuli zake, amechoka, hana neno na mtu, ghafla anabebeshwa mzigo wa mwingine kwa sababu tu yupo pale na hawezi kukataa.

Angalia kitu kimoja. Yesu anamwambia anayelazimishwa aende na maili ya pili, ili kile alichonyang'anywa akigeuze kuwa zawadi. Hajamwambia anayelazimisha aendelee kulazimisha. Mara nyingi tunaichukua ile maili ya pili na kumhubiria kijana aliyetumwa, "mtumikie Bwana kwa furaha", wakati mtumaji haambiwi kitu. Kipimo chepesi ni hiki: je, huyu ninayemtuma angeweza kuniambia "leo sitaweza" na kesho tukasalimiana vizuri? Kama hawezi, basi hilo si ombi tena. Ni amri iliyovaa nguo za ombi, na mimi ninayeamuru nina wajibu mkubwa zaidi: nauli kamili, chakula, muda unaofaa, na usalama wake.

Njia ya tatu: kwenda mwenyewe

Ukienda mwenyewe unaweza kudhani umemaliza, hujambebesha mtu. Subiri ufike stendi. Kiroba kina kilo 30, na pale kuna mpagazi mwenye toroli. "Boss, nikusogezee?" Unauliza bei, anataja, wewe unataja nusu, mnavutana. Sasa hapo je?

Thomas wa Akwino aliandika juu ya bei katika Summa, sehemu ile ya haki katika kuuza na kununua. Anasema jambo ambalo waendesha bodaboda na wateja wao wote wangefaa kulisikia. Kama muuzaji anapata hasara kwa kukuuzia, ana haki ya kuihesabu hasara hiyo ndani ya bei. Lakini kama yeye hapati hasara yoyote, ila tu ameona wewe una shida sana, hana haki ya kupandisha bei kwa sababu ya shida yako. Kwa nini? Kwa sababu shida hiyo si mali yake, na mtu hawezi kuuza kisicho chake.

Tuseme mwenye bodaboda hukupeleka Kimara kwa shilingi 3,000, na leo anataka 4,000 kwa sababu kiroba chako kinamnyima nafasi ya abiria wa pili au kinamlia mafuta. Hiyo inaeleweka. Lakini akitaka 8,000 kwa sababu ni usiku, umesimama peke yako, na ameona unavyohangaika, anakuuzia hofu yako mwenyewe. Hiyo si haki, hata kama utakubali na kulipa.

Sasa geuza upande wa pili, maana sisi wateja tunapenda kuishia hapo. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba kukubaliana peke yake hakutoshi kuufanya ujira uwe wa haki. Mtu mwenye njaa atakubali chochote. Yule mpagazi akikubali shilingi 500 kusukuma kilo 30 kwa sababu tangu asubuhi hajapata kitu, "amekubali mwenyewe" haitanitetea mbele za Mungu. Nimenunua njaa yake kwa bei ya kutupa. Kumbuka Msamaria Mwema: alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, kisha akafungua pochi akamlipa mwenye nyumba dinari mbili, ujira wa siku mbili, na kuahidi kulipa kitakachozidi. Hakusema, "ndugu, hii ni kazi ya Mungu, tusaidiane." Huruma yake hakuilipia kwa mfuko wa mwingine.

Na kuna jambo la kutukumbusha heshima ya wapagazi. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, na Mapadre Weupe walipotoka hapo hapo mwaka 1878 kuelekea Tabora na nchi za maziwa, hapakuwa na lori wala reli. Mizigo ya misafara ilikwenda kwenye vichwa na mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Majina ya mapadre tunayo vitabuni. Ya wapagazi wengi hatunayo. Ukimwona kijana na toroli pale Mbezi, kumbuka kwamba vitu vya altare viliingia bara kwa jasho la watu wa kazi kama yake.

Mizigo na furushi

Tunafika kwenye Maandiko. Mtakatifu Paulo, kwa Wagalatia sura ya 6, anatuambia tuchukuliane mizigo, na kwamba hivyo ndivyo inavyotimizwa sheria ya Kristo. Halafu mistari michache tu baadaye anasema kila mtu atabeba wa kwake. Mtu anaweza kuuliza: Paulo, tushike lipi?

Kigiriki kinasaidia. Pale pa kwanza neno ni baros, uzito unaomlemea mtu. Pale pa pili ni phortion, mzigo ambao mtu au chombo kimepangiwa kubeba, kama shehena ya meli. Kuna uzito unaozidi mtu mmoja, na huo tunachukuliana. Na kuna furushi ambalo ni sehemu yako katika maisha, na hilo ukimtwisha mwingine umemdhulumu, tena umejinyima mwenyewe. Yesu pia alitumia neno hilo la pili mara mbili katika Mathayo: anasema mzigo wake ni mwepesi, na anawakemea wanaowafungia watu mizigo mizito wakati wao hawataki kuigusa hata kwa kidole.

Hekima ni kujua siku ya leo kipi ni kipi. Mama mjamzito, mzee mwenye miguu mibovu, mwanafunzi mwenye mtihani: kwao Mbezi ni baros, na mwenye nafasi anapaswa kujitolea kabla hata hajaombwa. Kwangu mimi, kijana mzima mwenye miguu miwili na siku moja ya mapumziko, safari ya kwenda ilikuwa phortion yangu. Kwa hiyo nilikwenda mwenyewe, kwa pantoni, mwendokasi na daladala. Lakini kiroba cha kurudi nacho kilikuwa kimenizidi, na nilikwisha kumwuliza yule mzee wa Kibaha kama angepita siku hiyo. Akanikuta stendi saa kumi. Tulipofika Kigamboni nikatoa hela ya mafuta. Akasema, "Frateri, acha. Mimi nilikuwa napita hapo hapo."

Ningeweza kubishana naye. Vijana wengi tunaona aibu kupokea, tunataka kulipa kila kitu ili tusidaiwe na mtu. Lakini Thomas, akimfuata Aristotle, anasema zawadi ni kutoa ambako hakungojei kurudishiwa. Ukilazimisha kulipia zawadi unaigeuza kuwa biashara, na unamnyima mtoaji furaha yake. Msalabani Bwana wetu mwenyewe alikubali kubebewa. Basi na mimi nikasema, "Asante sana, mzee wangu." Nikanyamaza.

Pengine utauliza: zawadi ya mama iliyonigharimu nusu siku na nauli za kutosha, bado ni zawadi ya bure? Naona ndiyo. Mama alisafirisha mapenzi yake kilomita 900 na zaidi. Zile chache za mwisho zilikuwa njia yangu ya kusema "nimepokea". Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba Mungu aliyetuumba bila kutuuliza hatatuokoa bila sisi kukubali. Neema ni bure kabisa, hakuna anayeinunua. Lakini lazima uinuke uende kwenye kitubio, uende Misani, ufungue mkono. Kuna vijana ambao neema yao imefika siku nyingi, wameshapigiwa simu, na wanangoja mama zao wakawachukulie kwa rozari. Mama anaweza kukuombea. Kwenda ni kwako.

Tufanye nini basi? Wiki hii, kabla hujasema "naomba unichukulie", jiulize mambo matatu. La kwanza: hiki ni furushi langu, au ni uzito unaonizidi kweli? La pili: huyu ninayemwomba anaweza kusema hapana bila kupata hasara yoyote kwangu? La tatu: gharama ya njia, yaani nauli, muda, mafuta, jasho, nimeihesabu na nimeitoa, au nimeiachia mfuko wake? Na kama wewe ndiye mwenye gari au mwenye nafasi, nakuongezea la nne: nani jirani yangu ana mzigo Mbezi na anaona haya kuniambia?

Tusali: Ee Bwana Yesu, wewe uliyebeba Msalaba wetu na ukakubali kusaidiwa na mtu aliyetoka shamba, utujalie kubeba yaliyo yetu bila manung'uniko, kuwapunguzia wenzetu yanayowalemea, na kupokea msaada kwa moyo wa shukrani bila kiburi. Uwabariki wapagazi, makondakta, madereva na wote wanaoishi kwa kubeba mizigo ya watu. Amina.